Vilivyopotea

Mwalimu mkuu alinikabidhi laki moja na nusu
na maneno matatu: "Vitabu. Vizuri. Risiti."
Basi nimechutama Owino, ubavuni mwa marobota ya soksi,
mbele ya turubai la Bi Nansikombi,
anayeuza vitabu kwa kilo na kwa jicho:
akikuona umetabasamu, bei inapanda.

Hapa kuna sungura wanaooga, sungura wanaolala,
sungura waliovaa fulana.
Kule kuna Uhasibu, Sehemu ya Pili,
na riwaya ya wakubwa, imelazwa kifudifudi kwa haya.
Katikati, hakuna.
Na katikati ndipo wanapokaa wangu:
miaka kumi na miwili, kumi na mitatu,
sauti zimeanza kupasuka,
magoti yameitangulia kaptula.
Sungura wamewaacha nyuma,
na mbele hakuna aliyewawashia taa.

Mwaka juzi tuliletewa sanduku kutoka ng'ambo.
Tulilipokea kwa vigelegele. Lilijaa theluji.
Kurasa mia mbili za theluji
na mbwa mwenye daktari wake.
Ochwo wa dawati la nyuma alisoma ukurasa mmoja,
akakifunga taratibu, kama anayefunika chungu cha jirani.
"Mwalimu, kitabu hiki hakijui kama nipo."

Tangu siku hiyo vitabu naviweka dirishani,
upande unaotazama Mwamba wa Tororo,
bila daftari, bila kufuli, bila kutia sahihi.
Mwisho wa muhula tukahesabu.
Vilikuwa ishirini na viwili. Vitatu havipo.
Mwalimu mkuu akapiga meza: Wezi! Watalipa!
Mimi nikainama kufunga kamba za viatu
asione ninavyocheka,
maana vile kumi na tisa vilikuwa safi
kama sahani za wageni.

Vilivyopotea ni hivi:
kile cha msichana aliyefuga nyuki
ndani ya jeneza ambalo babu yake alikataa kulifia;
kile cha ndugu wawili walionuniana
tangu Pasaka hadi mavuno;
na kile chembamba, kisicho na jalada,
ambamo mtoto anamwuliza mama yake swali
na mama, ukurasa mzima, hajibu.

Cha nyuki kilirudi mwezi wa nane.
Hakuna aliyekileta. Nilikikuta tu dirishani,
kimeshonwa mgongo kwa uzi wa gunia,
kinanuka moshi na mafuta ya taa,
kimenenepa kama mgonjwa aliyepona.
Ukurasa wa arobaini una vidole vya unga wa chapati.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko ninaoujua
(wa Nyafwono, ambaye darasani hanyooshi mkono):
"Hapa asingerudi nyumbani. Mimi nisingerudi."
Chini yake, mkono mwingine: "Wewe hujui njaa."
Chini yake tena, kwa wino wa bluu:
"Nyamazeni, nasoma."

"Mwalimu, unatafuta nini hasa?"
Bi Nansikombi amechoka na kivuli changu.
"Vyenye picha? Vyenye mafunzo?"
Natoa mfukoni karatasi ya mwalimu mkuu,
ina mhuri, ina kichwa: MALI ILIYOPOTEA.
Nimeikunja mara nne, nimeikunjua mara nyingi zaidi.
"Natafuta vya kuibwa," nasema.

Hacheki. Anaingiza mkono chini ya robota
mpaka kwapani, anapapasa,
anatoa kimoja kilichokunjwa kona
na msomaji nisiyemjua.
Nasoma mstari wa kwanza. Wa pili.
Miguu inakufa ganzi, mtu ananiruka na furushi la mashuka,
ukurasa wa sita, wa saba,
jua limeshahamia upande wa viatu.
Najikaza uso, nauma midomo,
lakini ameshaniona,
na bei imeshapanda.